Nyota Nisiyoiona na Breki Niliyoigusa

Kabla sijaeleza chochote, sina budi kutenga mafungu mawili, kama nilivyokuwa nikiwataka wanafunzi wangu watenge vipimo na makadirio. Fungu la kwanza ni la mambo niliyoyaona kwa macho yangu au kuyagusa kwa mkono wangu: chumba cha mbao tulichokaa Goma wakati wa vita, picha ya bega langu iliyopigwa hospitalini, barabara ya Kibati, breki ya chukudu moja, na ukumbi wa chuo siku ambayo binti yangu alitetea kazi yake. Fungu la pili ni la mambo niliyoyasikia. Humo ndimo ilimo nyota yenyewe. Sijaiona, wala sitaiona, na nilipopewa habari zake mara ya kwanza sikuziamini.

Katika fungu hilo la pili nimeweka pia karibu kila kilichosemwa mjini kuhusu vita: nani amefika wapi, nani amemsaliti nani, mji utaanguka lini. Habari hizo tuliziita radio trottoir, kwa kuwa zilitangazwa barabarani na watu ambao hawakuwa wametoka barabarani. Sitazirudia hapa, hata zile ambazo baadaye zilionekana kuwa kweli, maana waliozisema hawakuwa wamezijua, walibahatika tu.

Ninaposema binti yangu, namaanisha binti wa marehemu mdogo wangu. Kwetu mtoto wa ndugu ni mtoto, naye ameniita Papa tangu alipojua kusema. Nilikuwa prefe, yaani mkuu wa shule ya sekondari, huko Kalengera, na kabla ya hapo nilifundisha fizikia. Vita vilipotufikia, mimi na mke wangu tulishika barabara kuu kuelekea kusini pamoja na watu wengine wote. Mahali fulani njiani kulitokea mshindo, na bega langu la kulia likapata joto kama limemwagiwa chai. Huko Kibati, penye kambi ya wakimbizi, muuguzi alilisafisha jeraha na kulifunga. Likapona juujuu, lakini tangu siku ile mkono wangu wa kulia haukuweza tena kupanda kupita sikio. Tulipita Munigi, tukaingia Goma, tukampata binti yangu katika chumba alichopanga wakati wa masomo yake. Tukawa watatu humo, na pazia la kitenge katikati.

Yeye alikuwa anamaliza chuo kikuu. Ilibaki memwari, ile kazi ya kuandika ambayo mwanafunzi huitetea mbele ya juri la walimu ili apewe lisansi, yaani shahada yake ya kwanza. Nilimwuliza ameandika juu ya nini, nikitarajia kusikia juu ya gesi ya ziwa au mawe ya volkeno, mambo ambayo mtu akitaka kuyathibitisha anatoka tu nje ya nyumba. Akanijibu kwamba ameandika juu ya milipuko ya miale ya eksrei kutoka katika nyota ya nyutroni yenye mwenzake.

"Nani aliiona?" nikamwuliza.

"Papa, hakuna mutu aliiona kwa macho. Iko mbali sana, na mwanga wake ni wa eksrei. Macho yetu haishike eksrei."

"Basi ni uvumi."

"Si uvumi. Kuna chombo kilirushwa juu, kinazunguka kule hewa inakoishia. Njo hicho kinapima."

"Wewe ulikiona hicho chombo?"

Mke wangu, aliyekuwa anachambua maharagwe mlangoni, akainua kichwa. "Muzee, acha mutoto. Hata Mungu haujamuona, na kila siku ya yenga unaenda misa."

"Mungu hajaandikiwa memwari," nikamjibu.

"Ameandikiwa nyingi kupita hiyo nyota yake," akasema, akaendelea na maharagwe.

Kwa haki, nieleze dai la binti yangu kama yeye alivyonieleza, bila kuongeza. Kuna nyota kubwa ambazo zikimaliza moto wake hujikunja na kubaki kitu kidogo kizito kupita kiasi. Uzito wake unalipita jua letu, na ukipima toka katikati yake hadi ukingoni hupati zaidi ya mwendo wa kutoka ziwani hadi Kibati. Hiyo ndiyo nyota ya nyutroni. Moto wa tumboni haina tena. Mtu anaweza kuiita mfu. Lakini baadhi yake zina mwenzi, nyota hai ambayo inazungukana nayo, na ile mfu humvuta mwenzake gesi kidogo kidogo. Gesi hiyo haianguki moja kwa moja. Hujikusanya kwanza ikizunguka, kama sahani pana. Kwa miaka mingi inajikusanya hivyo na hakuna kinachoonekana. Kisha sahani inajaa, inapata joto, gesi inamiminika kwa kasi juu ya nyota mfu, na mahali palipokuwa kimya panawaka eksrei kwa majuma au miezi. Halafu kimya tena. Yeye alichukua vipimo vya mlipuko mmoja, ambavyo wenye chombo wameviweka wazi kwa kila anayevitaka, akaonyesha jinsi mwanga ulivyopanda haraka na kushuka polepole, na kwa nini.

Nilimwambia kwamba ameeleza vizuri sana jambo asilolijua.

Mvua za mwaka ule zilipoanza, bega lilinisumbua mno, nikaenda hospitalini. Walinipiga picha, wakanipa ile karatasi nyeusi ngumu niende nayo nyumbani. Binti yangu aliichukua, akaisimamisha kwenye mwanga wa mlango. Mifupa yangu ilionekana kama ukungu, na karibu na kiungo palikuwa na doa jeupe, dogo kama punje ya mahindi.

"Papa, hii ni nini?"

"Kipande cha chuma. Daktari amesema kikae. Kukitoa ni hatari kuliko kukiacha."

"Ulikiona?"

"Si hiki hapa ninakiona?"

"Hapana, Papa. Unaona kivuli chake. Nyama iliacha miale ipite, chuma kikaikataa. Daktari hakupasua bega. Wewe haujakigusa. Na umekubali kabisa, mpaka umenikatazia nisikupe mizigo ya kubeba."

Nilitafuta kasoro katika hoja hiyo hadi maharagwe yakaiva, nisiipate. Nilipokuwa darasani, mwanafunzi aliyenishinda kwa hoja nilimpa alama yake. Sikuwa na sababu ya kubadili kanuni kwa kuwa tulikuwa wakimbizi. Nikamwambia nakubali kwamba kitu kinaweza kujulikana bila kuonwa kwa macho, mradi kuna miale na kuna anayeipokea kwa uaminifu. "Lakini," nikaongeza, "sijakubali kwamba kitu kilichokufa kinaweza kuwaka. Umesema mwenyewe kwamba moto hakina. Joto hilo linatoka wapi?"

"Njo swali wataniuliza," akasema, na kwa mara ya kwanza nikaona ana hofu. "Yule professeur msomaji wa kazi yangu. Ninajua jibu lake mu hesabu. Nikitaka kulisema bila hesabu, maneno inanikimbia."

Msomaji wa kazi ni mwalimu ambaye wajibu wake katika juri ni kutafuta makosa. Huyu wake alijulikana kwa kuwanyang'anya wanafunzi karatasi zao mbele ya ukumbi na kuwataka waseme kwa kinywa kitupu. Hilo sikulisikia barabarani. Nilimwona akilifanya kwa kijana mwingine, siku niliyokwenda kuutazama ukumbi.

Yapata juma moja kabla ya siku ya utetezi, nilipanda Kibati kuwatafuta majirani wetu wa Kalengera waliobaki kambini. Nilitaka kuwaona mwenyewe, kwa kuwa mjini walikwisha kuzikwa na kufufuliwa mara nyingi kwa maneno. Binti yangu alinisindikiza. Tuliwakuta hai, wamekonda, wakigombana juu ya mpaka kati ya mahema mawili, jambo lililonifariji kuliko salamu zao. Kisha tukaanza kuteremka kurudi mjini kwa miguu.

Barabara ile inashuka bila kupumzika, na waendesha chukudu wanaitumia hivyo. Chukudu ni kama baiskeli ya mbao tupu, haina pedali wala kiti. Kwenda juu mtu anaisukuma, kwenda chini anaipanda na mzigo wake. Breki yake ni kipande cha tairi kuukuu kilichopigiliwa misumari juu ya gurudumu la nyuma, na mwenyewe anakikanyaga kwa mguu. Nyuma yetu tukasikia sauti.

"Muzee, pisha! Hii haina klakson, iko na kinywa yangu tu!"

Tukapisha. Akapita na magunia manne ya makala, yaani mkaa, akakanyaga breki kwa nguvu, moshi ukatoka chini ya mguu wake, akasimama hatua chache mbele yetu. Alikuwa mwanaume wa makamo mwenye miguu iliyojaa vumbi jeusi. Akatoa chupa ya maji apozeshe raba.

"Kaka, ngoja kidogo," binti yangu akamzuia. "Usimwange maji kwanza. Papa, weka mukono pale."

"Pale wapi?"

"Kwa breki."

Niliweka mkono kwenye raba, nikauondoa upesi kuliko nilivyouweka.

"Eh! Muzee anataka kuchoma mukono bila chumvi!" yule bwana akacheka. "Dada, huyu ni baba yako ao ni adui yako?"

"Ni baba yangu. Kaka, nani aliiwasha hiyo breki?"

"Kuwasha? Nani awashe raba? Mulima njo inafanya vile. Mizigo inataka kukimbia, miye ninaikatalia."

"Na makala yako iko baridi?"

"Gusa. Kama ingekuwa na moto ningeuza nini mu mji?"

Akamwaga maji, raba ikalia kama kikaango, akapanda, akaondoka akituonya tusije tukapika mayai juu ya chukudu za watu wengine. Binti yangu alibaki amesimama palepale katikati ya barabara. Nilikuwa nimeshapata jibu langu kwenye kiganja. Nilimwona naye akilipata lake. Mbao zilikuwa baridi, magunia yalikuwa baridi, hakuna aliyewasha kiberiti. Uzito ulikuwa umeshuka tu kutoka juu, na kitu kikauzuia. Ikiwa magunia manne kutoka Kibati yanaunguza kiganja, gesi inayoangukia kitu kizito kuliko jua, ikisuguana yenyewe kwa yenyewe katika kuzunguka, itatoa joto la namna gani?  Binti yangu aliteremka akitembea kama mtu anayechelewa.

Siku ya utetezi mizinga ilisikika upande wa kaskazini tangu asubuhi. Nilisikia mimi mwenyewe, kwa hiyo naiandika. Mwongozaji wa kazi yake, mwalimu aliyemsimamia katika kuiandika, alitujulisha kwamba kesho yake atapanda boti kwenda Bukavu, na kwamba chuo kikifungwa hajui kitafunguliwa lini. Maana yake ilikuwa wazi kwetu sote watatu. Ama binti yangu apate hukumu siku ile, ama arudi nyuma ya pazia la kitenge na miaka yake yote ya masomo bila jina.

Sasa lazima nieleze desturi. Kwetu, mwanafunzi akifaulu, jamaa zake humwagia pudri kichwani, ile nyeupe ya watoto wachanga, hadi afanane na mtu aliyetoka kwenye mashine ya kusaga unga. Mke wangu alikuwa na kopo lake tangu siku nyingi, amelificha ndani ya sufuria. Tulipokuwa tukiingia ukumbini nilimwambia kwa mkazo: "Pudri haitafunguliwa kabla ya hukumu."

"Ndiyo, Prefe," akajibu, kwa sauti waliyokuwa nayo wanafunzi wangu walipokuwa hawana nia ya kutii.

Juri lilikuwa la watu watatu: rais wake, ambaye alikuwa mama wa makamo mwenye miwani; mwongozaji; na yule msomaji. Mjadala ulikuwa wa Kifaransa. Ninaandika hapa maana yake, si maneno yake. Binti yangu alieleza kazi yake vizuri. Ndipo msomaji akanyoosha mkono, akachukua karatasi zake zote, akazifunika chini ya kiwiko.

"Umeniambia kwamba nyota hii imekufa. Sasa unaniambia inang'aa kuliko jua. Usinisomee hesabu, nimeisoma. Niambie moto huo umetoka wapi, kama unavyoweza kumwambia mtu aliyeketi pale nyuma."

Akatazama karatasi zake chini ya kile kiwiko. Mzinga ukalia mbali, madirisha yakatetemeka. Nilidhani maneno yamemkimbia kama alivyosema. Kisha akamwuliza msomaji kama aliwahi kugusa breki ya chukudu inayotoka Kibati.

Ukumbi ukacheka. Msomaji hakucheka. Akasema hapana.

Basi akamshusha, hatua kwa hatua, kutoka Kibati hadi mjini. Nyota hai ndiyo Kibati, nyota mfu ndiyo Goma, gesi ndiyo makala, na sahani inayozunguka ndiyo barabara yenye breki. Akaeleza pia mahali mfano unapoishia, kwamba chukudu ina mtu wa kuamua kusimama na gesi haina, na kwamba barabara haijai hadi ifurike, ilhali sahani hujaa. Hapo ndipo nilipojua kwamba amekuwa mwanasayansi: aliuacha mfano ulipoacha kumsaidia. Msomaji aliinua kiwiko, akamrudishia karatasi. Hakusema ameridhika. Juri likainuka, likaingia katika chumba cha pembeni, mlango ukafungwa.

Tulikaa. Nilikazia macho mlango ule. Hazikupita dakika nyingi, sauti kutoka dirisha la kushoto ikalia: "Amepita! Amepita!" Sikumwona mwenye sauti, kwa hiyo simtaji. Ukumbi mzima ukaruka kwa vigelegele, na kabla sijageuka mke wangu alikuwa amefika mbele, kopo juu, binti yangu mweupe kuanzia nywele hadi mabega. Pudri ilitua mezani, juu ya karatasi za juri, juu ya miwani ya akiba ya rais.

Mlango ukafunguliwa. Msomaji alitoka wa kwanza.

"Nani ametangaza? Hatujaafikiana hata alama moja. Kama siri ya kikao imetoka nje, kikao hiki ni batili. Tukiahirishe."

Vigelegele vilikatika. Binti yangu alisimama pale na weupe wake, mikono imefunguka kidogo, kama mtu anayeogopa kuchafua chochote. Watu wakaanza kueleza wote kwa pamoja, kila mmoja na lake: mmoja alisema aliona rais akitabasamu, mwingine alisema aliambiwa na mlinzi. Rais akagonga meza. "Hakuna hapa mtu mmoja anayeweza kusema kilichotokea?"

Nikasimama.

"Mama Rais, niruhusu nitenge mambo mawili. Nilichosikia ni sauti moja, kutoka dirisha lile. Mwenyewe sikumwona. Nilichoona ni mlango wenu. Tangu mlipoufunga haukufunguliwa, wala hakuna aliyeukaribia. Siri haikutoka humo. Aliyemwaga pudri ni mke wangu, huyu aliyeshika kopo. Nilikuwa nimemkataza."

"Ni kweli alinikatazia," mke wangu akasema kwa Kiswahili chetu, bila kushusha kopo. "Lakini sasa pudri haiwezi kurudia mu kopo."

Watu wakacheka chinichini. Msomaji akanitazama. "Muzee, una hakika hukuondoa macho mlangoni?"

"Nimesimamia mitihani maisha yangu yote."

"Kwa hiyo unajua binti yako amefaulu?"

"Sijui. Nimeambiwa tu."

 Msomaji akamgeukia rais, akasema kwamba kwa upande wake anaridhika na ushahidi, na kikao kinaweza kuendelea. Rais akaagiza mtahiniwa asipanguswe, abaki alivyo, kwa kuwa pudri si hoja upande wowote. Wakarudi ndani.

Nilimwambia mke wangu akae kitini. Akakaa. Binti yangu hakukaa. Machozi yalikuwa yamechora njia mbili katika weupe ule, naye hakuzifuta, kwa kuwa alikuwa ameagizwa asipanguswe.

Walipotoka tulisimama wote. Rais alisoma hukumu kwa sauti, na mimi nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia kila silabi licha ya mlio wa mizinga: juri limempa lisansi kwa distinksio, yaani kwa alama za juu. Msomaji alipuliza pudri kutoka kwenye karatasi zake, akampa binti yangu mkono, na mkono wake ukabaki mweupe.

Yaliyofuata baadaye nayaweka katika fungu la pili. Nimesikia kwamba boti ilifika Bukavu salama. Nimesikia kwamba shule ya Kalengera ina paa jipya na wanafunzi. Binti yangu, ambaye sasa anafundisha mbali na hapa, alinipigia simu siku moja akicheka, hawezi kumaliza sentensi: ile nyota yake, iliyokuwa kimya tangu kabla hajaandika memwari, imeamka, chombo kimeipokea. Namwamini. Lakini sikuwa huko, na nyota sijaiona.

Ninachoweza kuthibitisha cha mwisho ni hiki. Baada ya hukumu kusomwa, nilichukua kopo mikononi mwa mke wangu, nikalitikisa sikioni, nikakuta halijaisha. Binti yangu ni mrefu kunipita. Nikainua mkono wa kulia, ukafika sikioni, ukauma, ukapita sikio, nikammwagia mimi mwenyewe pudri kichwani.